Luciana na Kalunguyeye wa Mwankoko

Kwa Mzee Antipasi,
Mwankoko, Singida,
Jimbo la Kati.
Tarehe 20 Desemba 1953

Mpendwa ndugu yangu Stefano,

Shikamoo uliyonitumia katika barua yako ya mwezi wa tisa nimeipokea, na naiitikia leo: marahaba, mdogo wangu. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la mkonge kimekuachia, au bado kinakuamsha usingizini? Na kidole ulichosema kimechomwa na mwiba kimepona? Niandikie ukweli, maana kila mara unaandika kwamba hujambo, kisha wanaotoka huko Tanga wanatuambia mengine.

Sisi hapa tu wazima. Baba anakula vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo najua hana ugonjwa. Goti lake la kushoto linamsumbua mawingu yakikusanyika, na macho yake yamepungua nguvu, hasa jua likishazama. Mimi sijambo, ila jino moja limeniaga. Binti yako Esta ana miaka minne sasa na maneno mengi kuliko mimi. Ng'ombe walikonda sana wakati wa kiangazi lakini majani yameota, na yule mwekundu wa marehemu Mama amezaa ndama jike.

Barua hii imechelewa, nami nimeichelewesha kwa makusudi. Najua unangoja kusikia shauri la mkeo Luciana limeishia wapi, na sikutaka kukuandikia jambo ambalo lilikuwa bado halijaisha. Sasa limeisha kwa upande wetu. Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu naona aliyekufikishia habari huko alikufikishia nusu, tena nusu iliyopikwa nyumbani kwa Shangazi Anastazia.

Mwezi wa nane tulikuwa tunasafisha bustani ya nyuma ya zizi. Luciana akachoma lile rundo la mabua ya uwele lililokaa pembeni tangu mavuno. Kwao Kinyangiri ndivyo wafanyavyo kila kiangazi: mabua huchomwa na majivu hutiwa kwenye mashimo ya maboga. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sisi rundo lile haliguswi mpaka mvua zinyeshe. Miaka yote kazi hiyo ya kusafisha ilikuwa ya Mama, na mwaka huu ndio wa kwanza Mama hayupo. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Moto ulipozima, Luciana alikuta kalunguyeye watatu wamekufa humo ndani. Walikuwa wamelala usingizi wao wa kiangazi.

Kama angeishia hapo, tungesema pole na kuomba radhi kwa waliotangulia, na mambo yangekwisha. Lakini alimchukua mmoja ambaye hakuungua sana, akamchuna, akaikausha ngozi pamoja na miiba yake, akaiweka ndani ya kilindo cha mbegu cha Baba, kile cha gome la mti, juu kabisa ya uwele. Wala hakuificha. Aliilaza vizuri na kukifunika kilindo kama kawaida.

Wewe umezaliwa hapa na mwiko wetu unaujua, ila umekaa mbali muda mrefu, nami sijui watu wanasahau nini wakikaa mbali. Ukoo wetu hauui kalunguyeye wala haugusi ngozi yake, na hilo nalo hakuna aliyekuwa amemweleza Luciana. Wanasema wakati wa njaa moja ya zamani bibi yetu mmoja aliwafuata kalunguyeye jioni, akafika kwenye kichuguu chenye mchwa wengi, akawalisha wanawe, nasi tumetokana na wanawe hao. Kama ni kweli sijui, sikuwapo. Mwalimu wa kanisa akisema mambo hayo ni ya kale, Baba huitikia kwa adabu, kisha hutoka kanisani akalizunguka rundo la mabua kwa uangalifu uleule wa siku zote.

Shangazi Anastazia alikuja kutoka Mtinko kututazama, na kwa kuwa hawezi kukaa kwa watu bila kufungua kitu, akafungua kilindo. Alipiga yowe ambalo lilimleta jirani yetu Gasto na rungu mkononi, akidhani fisi ameingia zizini. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa umekwisha kukaa uani.

Tulisema wote katika kikao kile isipokuwa Luciana. Alikaa karibu na mlango wa tembe, Esta amelala mapajani mwake, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini alifanya vile. Mimi pia sikuuliza. Shangazi alisema maneno yaliyokuwa wazi kabisa: "Huyu arudi kwao. Mtoto abaki, mtoto ni wetu, ng'ombe tulitoa." Wengi walikubali kwa vichwa. Baba ndiye aliyesema mwanamke ana mume, na mume asikilizwe kwanza. Basi habari ikatumwa kwako, tukakaa tukingoja neno lako.

Neno lako lilifika mwezi wa tisa. Laurenti, yule karani wa duka la Mhindi mjini, aliipokea barua posta na kuileta kwa baiskeli. Baba aliniambia niisome palepale uani. Luciana alikuwa nyuma ya ukuta akitwanga. Nilisoma salamu zako, nikasoma habari za mkonge, kisha nikafika mahali ulipoandika: "Kuhusu Luciana, fanyeni mtakavyoona wazee. Wakiona arudi kwao, na arudi." Mchi ulinyamaza. Halafu ukaendelea. Nakuandikia hili bila kuongeza chumvi, kama lilivyokuwa.

Baba hakutoa hukumu siku ile. Alikwenda kulala bila kula, jambo ambalo mwenyewe unajua si kawaida yake. Asubuhi aliniita, akaniambia hukumu yake nimpelekee Luciana. Ilikuwa hivi: aliyewaondoa kalunguyeye na awarudishe. Bustani ya nyuma ya zizi iwe yake, aitengeneze apendavyo, lakini kabla ya kupanda uwele aonekane kalunguyeye aliyeingia humo kwa miguu yake na kufanya makao. Akionekana, Luciana atapewa mbegu mkononi na atapanda kama mke wa nyumba hii. Wakati wa kupanda ukipita bila kuonekana, atarudi Kinyangiri, na Esta atabaki.

Shangazi aliridhika. Alifikiri, kama nilivyofikiri mimi, kwamba huko ni kumfukuza mtu kwa njia ndefu. Utamwamrishaje mnyama wa porini aje akae kwako?

Nilimpelekea Luciana maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: "Wifi, wanapenda nini?" Nikamwambia sijui, sisi tunawaheshimu lakini hatujawahi kuwauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona akicheka.

Nakuandikia sasa habari ya bustani, maana usipoijua hutaelewa yaliyofuata. Kwanza alipaacha mahali palipoungua, akasema hata yeye asingelala penye harufu ile. Alikusanya mabua mapya kwa majirani, akayalaza upande wa chini karibu na ua, magogo mawili yaliyooza chini kabisa, majani makavu katikati, mabua juu, na mlango mdogo upande usiopigwa na upepo. Akaapa kwamba rundo lile halitaona moto wala jembe. Kila aliyepita na uma wa kuchokolea aliambiwa akae mbali, hata Esta, ambaye alikuwa akiinama kuchungulia kila akipata nafasi.

Kisha ukaja ua. Unakumbuka ule ua wa minyaa ulivyosongamana. Hata kuku anaupitia kwa shida. Luciana alikata matawi ya chini mahali pengi, juu ya usawa wa kifundo cha mguu tu, apate kupita mnyama mdogo lakini mbuzi asipite. Utomvu ulimrukia jichoni, akakaa siku nzima na kitambaa usoni huku namwoshea jicho kwa maji. Kesho yake alirudi kukata, safari hii akiwa amejifunga kanga mpaka puani.

Maji aliyaweka kwenye kigae cha mtungi, akakizika kidogo ardhini kisipinduke, na ndani akaweka jiwe ili anayeteleza apate pa kukanyaga. Mwezi wa kumi wewe unaujua ulivyo hapa kwetu. Tunateka maji mbali na tunayagawa kwa kata. Luciana alikuwa anayatoa maji ya kigae katika fungu lake la kuogea. Nilimwona mara kadhaa akijipangusa kwa kitambaa kibichi tu.

Mbwa wa Gasto walikuwa shida kubwa. Gasto ni mtu mzuri lakini mbwa wake hawana mwenyewe jua likishatua. Luciana alikwenda kwake na kikapu cha mchicha, akamwomba awafunge jioni. Gasto alicheka mpaka akakohoa. "Mama Esta, nifunge mbwa ili fisi wale mbuzi zangu, kwa ajili ya kalunguyeye?" Lakini mkewe, ambaye alikuwa anajua habari yote, alimtazama, na tangu siku ile mbwa wanafungwa mpaka watu wakaribie kulala, ndipo wanafunguliwa ndani ya boma lao na mlango unazibwa kwa miiba.

Halafu alikuja bwana shamba, kijana mpole wa kutoka Kilosa, na mkebe wa dawa ya unga ya kuua wadudu. Alieleza vizuri namna ya kuinyunyiza, akasema tuwafungie kuku kwanza, wasije wakala wadudu waliokufa wakadhurika. Luciana alimwuliza kama kalunguyeye akila wadudu hao itakuwaje. Bwana shamba akafikiri, akasema bila shaka atadhurika vilevile. Luciana akamshukuru na kumrudishia mkebe. Viwavi wa vitunguu tukaanza kuwaokota kwa vidole, mimi na yeye, asubuhi baada ya asubuhi. Mgongo wangu bado unakumbuka.

Sasa kuhusu Baba. Kwa kuwa hukumu ilisema kalunguyeye aonekane, na aliyeitoa ndiye aliyepaswa kumwona, Baba alianza kupeleka kigoda chake bustanini kila jioni. Lakini mkwe hakai pamoja na mkwewe, na Baba hajawahi kuvunja desturi hiyo. Basi yeye alikaa upande wa nje wa ua wa minyaa, na Luciana upande wa ndani, kila mmoja akitazama rundo kutoka upande wake. Jioni za kwanza walikuwa hawasemi hata neno. Nilikuwa nikipita na ndoo nawaona wamekaa hivyo, nikajiambia hawa watu wanalinda nini.

Baadaye nikaanza kusikia sauti. Baba aliuliza juu ya vitunguu. Luciana alijibu. Siku nyingine aliuliza kwao wanapanda lini. Jioni moja nilikuwa nakata mchicha upande wa pili, nikasikia Baba akiuliza, bila ukali, lile ambalo sote hatukuuliza: "Mama Esta, ile ngozi uliiweka ya nini?"

Luciana akasema, "Baba, kwetu bibi yangu alikuwa akiiweka kwenye mbegu zake. Alisema miiba ile haihesabiki, na mbegu nazo zisihesabike. Niliwaua bila kujua, nikaona uchungu, nikasema wasife bure. Nilitaka uwele wenu uwe mwingi. Mwaka huu Mama hayupo, nilitaka mwone kwamba hamkupungukiwa."

Nilisikia kigoda cha Baba kikilia alipojisogeza. Mimi niliinama kwenye mchicha nikalia, na kwa kuwa umri wangu si wa kuona haya, nakuambia. Miezi miwili tulikuwa tumemhukumu mtu kwa zawadi aliyotupa.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja ilinyesha mvua ndogo, ile ya kulaza vumbi. Kesho yake asubuhi Luciana alikuja mbio kuniita: karibu na kigae kulikuwa na alama ndogo za miguu, na udongo kwenye tuta la vitunguu umechokorwa. Kalunguyeye alikuwa amekuja. Tulizifuata alama hizo kwa furaha, zikapita chini ya minyaa, zikazunguka zizi, zikaishia kwenye shimo la udongo. Ni shimo alilochimba Baba mwenyewe mwezi wa kumi kwa ajili ya kukandika paa la tembe, kina chake kama kiuno, kuta zimenyooka. Maji ya mvua yalikuwa yametuama chini. Kalunguyeye alikuwa humo, amekufa.

Luciana alikaa chini pembeni ya shimo. Hakulia wala hakusema shimo ni la nani. Baba alikuja kwa fimbo yake, akatazama ndani muda mrefu, akauliza ni nini kile, maana hakuona vizuri. Nikamwambia. Na hapo, ndugu yangu, hasira ilinipanda. Nilimwambia, "Baba, nisamehe. Luciana aliua bila kujua, tukasema arudishwe kwao. Aliyechimba shimo hili naye tumrudishe kwao wapi?"

Nilijua nimevuka mpaka, na nilingoja fimbo. Baba alinitazama tu, akaondoka. Mchana tulimwona ameteremka mwenyewe shimoni na lile goti lake, akamtoa mnyama na kumzika chini ya ua. Kisha akabomoa ukuta mmoja wa shimo kwa jembe mpaka ukawa mteremko, akaweka na gogo la kupandia. Tulipotaka kumsaidia alitufukuza. Jioni ile alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida, upande wake wa ua.

Mvua za kupandia zilianza mwishoni mwa mwezi huo. Majirani wote walitoka na majembe. Gasto alimaliza shamba lake, na wengine pia. Baba akasema udongo wetu bado haujalowa. Ndugu yangu, udongo ulikuwa umelowa mpaka miguu inazama. Baba alisema goti linamwambia mvua hii ni ya uongo. Ikanyesha tena. Akasema anataka kwanza kusikia kutoka Mtinko wamepanda namna gani. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa wa kwanza kupanda katika Mwankoko yote alikaa akitazama mashamba ya wenzake yakiota, na mimi nilikuwa na hofu ya njaa kuliko kitu kingine. Shangazi Anastazia alipofika na kuona, hakuweza kuvumilia. "Antipasi, wakati umepita. Unamngoja nani?" Baba akasema anangoja udongo.

Bustani nayo ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kutazamwa. Vitunguu vilikuwa vimesimama, na viwavi wamepungua hata kabla hatujawaokota. Luciana aliniambia kuna mtu anafanya kazi humu kuliko sisi. Aliona alama, akaona na mabawa ya mende yaliyotafunwa karibu na gogo. Lakini alama si mnyama, na Baba alikuwa ametoa neno kwamba aonekane.

Jioni moja ya mwezi huu, mvua ilikuwa imekatika na mwanga bado upo kidogo. Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, amekuja kumwambia kwamba kesho yake anampeleka Luciana Kinyangiri yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa ndani ya bustani na Luciana. Majani ya rundo yakatikisika. Ikatoka pua, halafu akatoka kalunguyeye mzima, akaenda taratibu mpaka kwenye kigae, akanywa maji. Luciana alinishika mkono mpaka ukaniuma. Mnyama alipokwisha kunywa alirudi ndani ya rundo, na alipoingia tulisikia sauti nyembamba nyingi, kama za vifaranga. Alikuwa amezaa.

"Nimeona," akasema Baba kutoka upande wa pili wa ua.

Shangazi akasema, "Umeona nini, Antipasi? Saa hizi hata kuku humwoni mpaka umkanyage."

"Anastazia, nimeona."

Mimi ninajua saa zile macho ya Baba yanaona nini. Yanaona weusi na weupe. Lakini masikio yake ni mazima, na kama aliona kwa masikio, sikuona sababu ya kumsahihisha. Shangazi akaomba maji ya kunywa. Kesho yake alibaki akatusaidia kulima, na Luciana alimpikia uji, na hawakukumbushana yaliyopita.

Mbegu za kilindo kile, kwa kuwa zililaliwa na ngozi ile, tulikwisha kuwapa kuku. Baba alifungua kilindo cha akiba cha marehemu Mama, ambacho sote tulikuwa tunaogopa kukigusa, akanipa nimpe Luciana, kwa kuwa mkono wake haukutani na wa mkwewe. Tulipanda shamba lote tukiwa wa mwisho Mwankoko. Uwele sasa umeota. Ni mfupi kuliko wa Gasto, na Gasto haachi kutukumbusha.

Hapo ndipo ningekuandikia kwamba jambo limekwisha. Lakini kuna lililofuata, na ndilo hasa la barua hii.

Siku tulipomaliza kupanda, Luciana alinawa mikono, akaja kukaa nami. Alisema, "Wifi, niliambiwa ningoje kalunguyeye, nimengoja. Sasa na mimi nina ninayemngoja. Mume wangu aliandika kwamba nikirudishwa, nirudi. Uwele ukikatwa naye hajafika hapa kunitazama usoni, nitarudi, lakini nitarudi mwenyewe, na mtoto wangu." Hakuwa na hasira. Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho kuna mnada.

Nilimpelekea Baba maneno hayo. Nilidhani atawaka. Alilala nayo, na jioni yake, akiwa kwenye kigoda upande wake wa ua, na Luciana upande wake, alisema ili sote tusikie, na kuniagiza nikuandikie hivihivi: "Mwambie Stefano, asipokuja kabla ya uwele kukatwa, mtoto atakwenda na mama yake, na ng'ombe sitaki kurudishiwa hata mmoja. Aliyewaachia wazee wamwamulie mke, asilalamike wakimwamulia na mtoto."

Nimemaliza agizo. Sasa neno langu mwenyewe. Mimi si mtu wa kujiingiza kati ya mume na mke, na kwa mambo mengi hapa nyumbani nimezoea kukaa pembeni na kutazama. Lakini Luciana nampenda. Tangu nifiwe na mume wangu nikarudi hapa, yeye ndiye aliyeniachia nafasi bila kunihesabia tonge. Akiondoka na Esta nitalia, na sitamzuia, nitambebea mzigo mpaka njia kuu. Nawe nakupenda, ndiyo sababu nakuandikia mapema, wakati uwele bado unafika kwenye vifundo vya miguu. Muombe ruhusa mzungu wako wa mkonge. Akikunyima, njoo hivyohivyo.

Baba anakusalimu na anasema uvae viatu kazini. Shangazi Anastazia anakusalimu sana, sasa anasema daima alikuwa upande wa Luciana. Gasto na mkewe wanakusalimu, na Laurenti atakayeitia barua hii posta. Esta anakusalimu, anasema uje na embe. Luciana nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema salamu zake anazo, lakini atakupa mwenyewe, ukiwa umesimama mbele yake.

Mungu akulinde na mashine za mkonge, akupe na miguu ya kurudi nyumbani.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata leo ninapokugombeza,

Kristina